Mwalimu Aliyeziba Tundu la Ukuta Wake

Wapendwa, tulieni kidogo. Wenye watoto wapakateni, na wale wa nyuma kabisa sogeeni mbele, viti vipo. Nataka kuwasimulia habari za mwalimu mmoja mstaafu na meko yake. Nitamwita Mwalimu Ngailo. Jina nimelibuni, kwa hiyo akina Ngailo mliomo humu msinikodolee macho, na ninyi wengine msianze kuwageukia.

Mwalimu huyu alikaa juu kabisa milimani, upande wa Makete, kule ambako mwezi wa sita ukiamka asubuhi unakuta nyasi zimekuwa nyeupe na maji ya kwenye ndoo yameganda juu. Alikuwa amefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Alipostaafu akajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, na ukuta wa sebule aliujenga kwa mikono yake mwenyewe, tofali moja baada ya jingine, huku akipima kwa timazi kila mara kama anasahihisha mtihani. Mgeni akifika kwake, kabla hajapewa chai, anaonyeshwa ukuta. "Weka jicho hapa," anaambiwa. "Tazama mpaka kule mwisho. Umeona penye kupinda?" Na mgeni, hata kama ameona, anasema hajaona.

Mkewe alikuwa Yusta, ila kijiji kizima kilimwita Mama Lusungu, kwa jina la binti yao. Mama huyu alianza kupikia kuni akiwa na miaka saba. Hebu hesabuni wenyewe moshi alioumeza mpaka kufikia sitini na tatu. Kifua kilikuwa kimechoka. Baridi ikiingia anakohoa mpaka anashika kona ya meza kwa mikono miwili, na mumewe amesimama pembeni na kikombe cha maji ya moto, hajui akiweke wapi.

Siku moja mganga wa zahanati akamwita Mwalimu pembeni. "Mwalimu, kifua cha mama hakitaki moshi tena. Kuni na mkaa viishie nje. Lakini baridi nayo haiwezi. Mtafutieni joto lisilo na moshi."

Sasa niambieni, huku kwetu milimani, joto lisilo na moshi unalipata wapi? Sisi si tumezaliwa tukiota moto wa kuni, macho yanatoka machozi, tunaita hayo ndiyo maisha?

Binti yao, Lusungu, alikuwa akifanya kazi mjini. Alipopata habari akawatumia meko ya gesi. Wengi hamjaiona, basi niieleze. Ni sanduku la chuma linalopachikwa ukutani, mbele lina kioo kizito kilichofungwa kisipitishe hewa, na moto unawaka kule ndani nyuma ya kioo. Mtungi wa gesi unakaa nje ya nyumba. Pamoja na meko akaja fundi kutoka Njombe, mwanamume wa makamo, mpole, jina lake Luvanda.

Fundi akazunguka sebule, akapima, akachora duara kwa chaki. Akalichora wapi? Kwenye ule ukuta.

"Mwalimu, hapa ndipo tutakapotoboa."

"Utatoboa nini?"

"Ukuta. Bomba lazima litoke nje."

Mwalimu akavua miwani. "Fundi, huu ukuta nimeujenga mwenyewe. Nilidhani kitu cha kisasa hakina haja ya kuharibu nyumba ya mtu."

Luvanda hakubishana. Akachukua bomba, akamwonyesha mdomo wake. "Angalia, Mwalimu. Hili ni bomba ndani ya bomba. Hili la ndani linatoa hewa chafu ya moto. Na huku pembeni, kwenye nafasi kati ya bomba na bomba, hewa safi ya nje inaingia kuulisha moto. Kwa hiyo moto huu hauchukui hewa ya sebuleni, wala haurudishi uchafu wake sebuleni. Mama atakaa hapa mbele yake, apate joto tu. Lakini meko yenyewe lazima ipumue nje."

"Na upepo nao si utaingia humo?"

"Ndiyo kazi ya tundu, Mwalimu. Uingie."

Mwalimu alitaka kujibu, lakini kutoka chumbani kikatoka kikohozi kile anachokijua. Akavaa miwani yake. Akasema, "Toboa." Kisha akatoka nje akaenda kusimama kwenye shamba la viazi, asisikie nyundo.

Jioni kazi ilikuwa imekwisha. Fundi alikuwa amepaka povu la sabuni kwenye kila maungio ya bomba la gesi, akatazama kama kuna kipovu kinachovimba, hakukuwa na hata kimoja. Akawasha. Mama Lusungu akaletwa, akakalishwa kwenye kiti. Kwanza alifungua kilemba. Baadaye akavua soksi, pea mbili. Yule mama akanyoosha miguu mbele ya kioo, akavuta pumzi ndefu, akaitoa, akavuta nyingine, na Mwalimu akasikia pumzi ya mkewe ikiingia na kutoka bila kukwama popote. Aligeuka akajifanya anatafuta kitu dirishani. Mwanamume wa hesabu, machozi yalikuwa yamemzidi hesabu.

Kabla ya kuondoka, fundi akamwambia, "Mwalimu, kioo kifute kikiwa kimepoa. Kila mwaka kabla ya baridi niite nifungue, nipige brashi kule ndani, nikague na utepe unaoziba kioo. Lakini kuna kazi moja ni yako, siyo yangu. Kila wiki zunguka nyuma ya nyumba, tazama mdomo wa bomba. Usiotewe na magugu, usifunikwe na kitu."

"Nimekuelewa," akasema Mwalimu.

Mwaka ule wa kwanza ulikuwa mzuri. Mama Lusungu alipona kikohozi, alifuma masweta matatu na kuanza la nne. Na Mwalimu akawa na kitu kipya cha kuonyesha wageni. Kila Jumamosi alikifuta kile kioo kwa kitambaa laini, akakipulizia pumzi, akakifuta tena mpaka unajiona uso. Wageni wakasifu. Nyuma ya nyumba je? Nyuma ya nyumba hakuna mgeni anayekaa. Magugu yakaota. Na fundi hakuitwa, kwa sababu, Mwalimu alisema, kitu kinachowaka vizuri unakifungua ili iwe nini?

Mwaka wa pili baridi ilikuja na upepo. Mchana mmoja Mwalimu alienda nyuma kumtafuta kuku, akapita karibu na mdomo wa bomba. Akasikia upepo ukivuma pale. Akaweka mkono, vidole vikaganda. Akasema moyoni, "Kumbe! Baridi yote ya Makete inaingia nyumbani kwangu kwa tundu hili!" Akaleta kipande cha bati, akaleta misumari, akalifunika bomba, akapigilia. Kingo akazikandika udongo. Alifanya kazi nzuri, ninyi mnamjua. Akarudi ndani akifikicha viganja, ameridhika kabisa.

Jioni wakawasha meko. Moto ukawaka. Baada ya muda mfupi ukaanza kuwa wa njano, mlegevu, unayumba kama mtu aliyeamka na homa. Kioo kikapata weusi. Ukazimika. Mwalimu akawasha tena. Ukazimika tena.

Mama Lusungu akauliza, "Baba Lusungu, umegusa kitu hapo?"

"Niguse nini? Nimefuta kioo tu, kama siku zote."

Na wapendwa, hakuwa anadanganya. Mnanielewa? Kichwani mwake, kuziba lile tundu hakukuwa kugusa meko. Kulikuwa kuisaidia.

Akampigia fundi simu, sauti iko juu. Luvanda akamuuliza swali moja tu, "Mwalimu, umetazama mdomo wa bomba?"

"Unanifundisha nyumba yangu? Umeniuzia kitu kibovu!" Akakata simu. Akachukua kitambaa, akafuta ule weusi kwenye kioo.

Jumapili ile, wakati wa matangazo, Mwalimu akainua mkono, akasimama. Watu wanamheshimu, nusu ya kanisa aliwafundisha yeye. Akasema, "Ndugu zangu, kaeni mbali na yule fundi Luvanda. Ni tapeli, vitu vyake vinawaka mwaka mmoja." Akaketi.

Sasa katika viti vya akina mama alikuwepo muuguzi wa ile zahanati. Pale zahanati kuna chumba ambacho akina mama wajawazito wa vijiji vya mbali hukaa kusubiri siku zao, na wakishajifungua hulala humo na vichanga. Chumba hicho kilikuwa kifungiwe meko kama ile ile, na fundi alikuwa aje Alhamisi. Jumatatu asubuhi muuguzi akampigia Luvanda simu, akamwambia asije.

Sentensi mbili tu. Mtu mmoja kasimama, kasema sentensi mbili, kaketi. Na vichanga wakabaki na baridi. Je, sisi hatujawahi kusema sentensi mbili?

Wiki ile barafu ilianguka mfululizo. Asubuhi ya Jumatano Mama Lusungu alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi manne, midomo imebadilika rangi. Meko ilikataa kuwaka. Mwalimu akasimama katikati ya sebule akiangalia kile kioo chake kisafi, na hofu ikamwingia. Akafanya nini? Akaenda stoo, akachukua lile jiko la mkaa la zamani, akaliwasha nje mpaka makaa yakawa mekundu, akaliingiza ndani. Akafunga dirisha. Akafunga mlango. Chini ya mlango akasukuma gunia, upepo usipite.

"Mganga alikataza," mkewe akasema.

"Alikataza moshi. Huu si umeshakwisha moshi?"

Na kweli, moshi haukuonekana. Kilichokuwa kinatoka kwenye yale makaa hakina rangi, hakina harufu. Wakaketi. Joto likaja, tamu kweli. Baada ya muda Mwalimu akahisi kichwa kizito. Akataka kusema jambo, neno likamponyoka. Akamtazama mkewe, akaona anasimama kwa shida, anashika kiti, anashika meza.

"Unakwenda wapi?" akauliza, au alidhani ameuliza.

"Nataka hewa," akasema yule mama.

Mwalimu alitaka kunyanyuka amsaidie. Miguu haikuwepo. Alimwona mkewe akiburuta gunia, akavuta komeo, na mlango ulipofunguka akaanguka hapo hapo kizingitini, nusu ndani, nusu nje. Na upepo ukaingia. Ule upepo wa Makete, mkali, wenye barafu, ukaingia ndani ya nyumba ya Mwalimu kwa nguvu zake zote, ukampiga usoni. Akaanza kutapika. Ndipo mama muuza maziwa, aliyekuwa anapita njiani, akaona mtu kalala mlangoni, akatupa dumu lake akapiga yowe.

Walipona wote wawili. Niwatoe hofu mapema, maana naziona nyuso zenu. Walilazwa zahanati siku mbili, katika chumba kilichopakana na kile cha kina mama. Na usiku na mchana Mwalimu alisikia kupitia ukutani vilio vya vichanga, na sauti za mama zao zikisema, "Mfunike, mfunike, miguu imekuwa baridi." Hakujua bado kwamba kilio kile kinamhusu. Aliambiwa siku ya pili, na muuguzi mwenyewe, ambaye hakuwa na nia mbaya. "Mungu alituepusha, Mwalimu. Tulikuwa tufunge na sisi ile meko mbovu, ni wewe uliyetuokoa."

Mwalimu akageuza uso ukutani. Kuna kitu kilikuwa kimeanza kumkereketa rohoni, hakukipatia jina.

Waliporudi nyumbani, mkewe akasema, "Mwite fundi."

"Yule siwezi kumwita. Nitamtazamaje?"

"Basi nipe simu." Akapiga mwenyewe.

Mngekuwa ninyi mngekuja? Umeitwa tapeli mbele ya kanisa, kazi imefutwa, halafu unapigiwa simu njoo. Luvanda alikuja. Alifika kesho yake asubuhi, akasalimia, "Shikamoo, Mwalimu," kama jana na juzi hazikuwepo. Hakuketi. Hakuigusa meko, wala kioo hakukitazama. Alitoka, akazunguka nyuma ya nyumba, na Mwalimu akamfuata akipita kwenye magugu yaliyofika kiunoni.

Wakasimama mbele ya bati.

Fundi akatazama misumari, akatazama udongo uliokandikwa vizuri pembeni. Akamgeukia Mwalimu, naye Mwalimu akatazama chini.

"Ni mimi," akasema. "Niliona baridi inaingia."

Luvanda akatoa koleo, akaanza kung'oa msumari wa kwanza. "Mwalimu, unajua kwa nini meko ilikuwa inazimika?"

"Si nimeiziba."

"Uliiziba, ndiyo. Lakini ingeweza kuendelea kuwaka vibaya, ikajaa uchafu, ukatafuta njia ya kuingia kwenu. Haikufanya hivyo. Imetengenezwa ikikosa hewa moto ufe, na moto ukifa inafunga gesi yenyewe. Siku zote ulizokuwa unaitukana, Mwalimu, ilikuwa inakataa kuwaua."

Msumari wa pili ukatoka. Mwalimu akauliza polepole, "Na lile jiko la mkaa?"

"Mkaa haukatai," akasema fundi. "Mkaa unakupa joto mpaka mwisho."

Mwalimu akaketi pale pale kwenye magugu, na suruali yake ya kitambaa. Mwanamume aliyepima kila kitu kwa timazi maisha yake yote. Kilichomkatalia alikiita kibovu. Kilichomkubalia akakiingiza ndani na kukifungia mlango.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, mkono ukainuka tena. Safari hii alitoka kitini akaja mbele kabisa, na watu wakaona miguu yake haijapata nguvu vizuri. Akasema, "Jumapili iliyopita nilisema fundi Luvanda ni tapeli. Nilisema uongo. Bomba la meko yangu nililiziba mimi, kwa bati, kwa mikono hii. Aliniambia nikatazame nyuma ya nyumba, sikwenda. Nimekaribia kumuua mke wangu." Akatafuta kwa macho mpaka akamwona muuguzi. "Na wale watoto wa pale zahanati, dada yangu, baridi yao ni mimi. Naomba umwite fundi. Naomba leo."

Kisha akasimama Mama Lusungu, akaenda mbele na sweta lake la nne mabegani, akasimama ubavuni mwa mumewe. Akashika mkono wake.

Fundi alikuja. Chumba cha kina mama kikatobolewa ukuta, meko ikafungwa, na mtoto wa kwanza kuzaliwa baada ya hapo aliwekwa kifuani pa mama yake bila kofia, kwa sababu hakuihitaji. Nje, kuzunguka mdomo wa bomba, kuna mtu alifyeka majani yote na kuweka wavu wa waya, mbuzi wasikaribie. Kila Ijumaa mzee mmoja mwenye miwani huonekana anazunguka nyuma ya zahanati, anainama, anachungulia, anaondoka. Wagonjwa wapya huuliza yule ni nani. Wanaambiwa, ni mwalimu wa hesabu.

Sasa wapendwa, niwageukie.

Sisi ni watu wa kufuta kioo. Tunajua kung'arisha upande ambao wageni wanakaa. Jumapili tumepiga pasi, salamu zetu nzuri, sala zetu ndefu. Lakini mimi leo siulizi kuhusu sebule yako. Nauliza ni lini mara ya mwisho umezunguka nyuma. Ni lini umetazama pale ambapo nafsi yako inapumulia? Mtu aliyekuambia ukweli ukaona unakuletea baridi, ukampigilia bati. Mama mkwe, jirani, mtoto wako mwenyewe. Ulisema unailinda nyumba. Halafu amani ikaanza kuyumba humo ndani, furaha ikazimika, na ukatafuta wa kumlaumu.

Sisemi kila kinachozimika ni Mungu kakizima. Vingine vimechakaa tu, viitiwe fundi. Lakini yapo mambo maishani mwako yaliyokukatalia, ukayalilia na kuyatukana, na kumbe yalikuwa yanakukatalia ili uishi. Na yapo yanayokukubalia kila siku, matamu, hayana moshi wala harufu, na umeyafungia ndani pamoja na watoto wako.

Lakini bado tunapumua. Mwanamke mgonjwa wa kifua aliweza kufungua mlango, na upepo ulikuwa pale pale nje unasubiri, haukuwa umekasirika kwa sababu ulizibiwa. Neema ya Mungu iko hivyo. Haihitaji umbembeleze. Ng'oa msumari mmoja tu, uone itakavyoingia.

Kwa hiyo leo hatutamaliza kwa wimbo kwanza. Kuna mtu humu ndani ulimsema vibaya, na yumo, labda viti viwili kutoka ulipo. Nitanyamaza hapa mbele kwa muda. Inuka umfuate.